Kupanga Michezo ya Vita na Majaribio ya Kijeshi: Mwongozo Kamili wa Mchambuzi Mwandamizi

Mchambuzi mwandamizi wa michezo ya vita haongozi kikosi, hatoi amri, na mara nyingi hana hata cheo cha kijeshi. Kazi yake ni kulinda swali. Tangu siku jenerali anapolitamka mpaka ripoti inapofika mezani kwake, swali hilo litavutwa huku na huku: watu wa ununuzi wanataka mtambo wao ushinde, makamanda wanataka vijana wao wapate mazoezi, wageni wa heshima wanataka kuona kitu kinalipuka.

Mwongozo huu unaifuata kazi hiyo hatua kwa hatua. Nitatumia mfano mmoja wa kubuni mpaka mwisho: kamandi ya wanamaji ya nchi moja ya mwambao inafikiria kununua droni za doria ili kunasa majahazi yanayoleta heroini kutoka pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan. Kamandi ni ya kubuni, lakini njia hiyo ya baharini ipo. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikuta zaidi ya tani moja ya heroini ndani ya jahazi moja nje ya pwani ya Kenya.

Tenganisha zoezi, mchezo na jaribio

Hata maafisa wakubwa huvichanganya vitu hivi vitatu, na ukikubali mchanganyiko huo mwanzoni hutaurekebisha baadaye.

Zoezi hufundisha. Ushirikiano Imara, mfululizo wa mazoezi ya majeshi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni wa aina hii: wanajeshi wa nchi mbalimbali hujifunza kufanya kazi chini ya kamandi moja katika ulinzi wa amani, maafa, ugaidi na uharamia. Zoezi likienda vizuri, watu wametoka wakijua zaidi.

Mchezo wa vita huchunguza uamuzi. Watu wanaamua, mbele yao wako watu wengine wanaoamua dhidi yao, na uamuzi wa sasa unabana ule unaofuata. Ukiondoa mpinzani anayefikiri, umebaki na semina.

Jaribio hupima. Unabadili kitu kimoja kwa makusudi, unashikilia vingine vyote, kisha unaangalia kilichotokea.

Marekani ililipia somo hili kwa bei kubwa. Millennium Challenge 2002, iliyoendeshwa Julai na Agosti mwaka huo na Kamandi ya Pamoja ya Majeshi kutoka Norfolk, Virginia, iligharimu takriban dola milioni 250 na kuhusisha watu wapatao 13,500, baadhi kwenye kompyuta na wengine medani. Upande mwekundu, yaani wa adui ndani ya mchezo, uliongozwa na Paul Van Riper, luteni jenerali mstaafu wa kikosi cha Marine cha Marekani. Alijua kwamba mawasiliano yake yangenaswa, hivyo akatuma amri kwa wajumbe wa pikipiki. Hakungoja kupigwa. Alifyatua makombora mengi kwa pamoja, akatuma na boti ndogondogo, na meli 16 za Marekani zikazama ndani ya mchezo. Waendeshaji wakazielesha tena na kuendelea. Baadaye mikono ya wekundu ilifungwa zaidi, na Van Riper akajiondoa kwenye uongozi wa upande wake.

Simulizi hii hupigwa chuku, kana kwamba kuzielesha meli ndiyo ilikuwa dhambi. Kwa maoni yangu sivyo. Maelfu ya askari na ndege halisi walikuwa wamepangiwa siku zao, wasingerudishwa kambini kwa sababu ya siku moja mbaya. Kuanzisha upya ni halali kabisa, ukishaandika ulichojifunza. Kosa lilikuwa kulibebesha tukio moja zoezi, jaribio la dhana mpya na onyesho, halafu kuchukua matokeo ya sehemu ya pili, ambako mpinzani hakuwa huru, kuwa ushahidi kwamba dhana ile inafanya kazi.

Hatua ya kwanza: mfuate mwenye swali

Usianze na ramani wala programu. Omba dakika thelathini na mtu atakayefanya uamuzi. Msaidizi wake hatoshi. Muulize: “Afande, ukishapata jibu, utafanya nini tofauti?” Akijibu kwamba anataka tu kuelewa hali, endelea kuchimba. Akisema, “Nitaamua kama fedha za mwaka ujao ziende kwenye droni au kwenye boti za mwendo kasi,” umepata mchezo.

Andika swali kwa sentensi moja na umwombe alitie sahihi. Watu wengine huona hili ni urasimu. Subiri mwezi wa nne wa maandalizi, pale idara fulani itakapoomba uingize satelaiti yao “kwa kuwa mnakutana hata hivyo.” Karatasi yenye sahihi ndiyo itakayokusaidia kukataa bila kugombana na mtu.

Swali la mfano wetu liligawanyika mara tu tulipoliangalia vizuri. Je, droni zinaongeza majahazi yanayogunduliwa? Hilo ni la jaribio. Wasafirishaji wakijua kuna droni, watabadili nini? Hilo ni la mchezo wa vita, kwa sababu jibu limo kichwani mwa mtu. Na je, boti za doria zinaweza kulifikia jahazi lililoonwa maili 80 kutoka pwani kabla ya giza? Hilo ni hesabu ya mwendo na umbali. Mpe kijana mmoja alifanye kwa siku moja, usilitengenezee mchezo. Nusu ya michezo ninayoiona ikipendekezwa ingemalizwa na jedwali.

Hatua ya pili: chagua ukubwa, na uchague mdogo

Liverpool, Januari 1942. Nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizamisha meli za misafara ya Atlantiki. Nahodha Gilbert Roberts alikabidhiwa vyumba katika jengo la Derby House na kundi dogo la wanawake vijana wa jeshi la wanamaji, wengi wakiwa hawajawahi kusafiri baharini. Walichora bahari sakafuni kwa chaki. Maafisa wa meli za kusindikiza walikaa nyuma ya mapazia yenye matundu madogo ili waone kile tu ambacho wangekiona wakiwa baharini.

Walipozipanga upya ripoti za misafara juu ya sakafu ile, hadithi iliyozoeleka haikulingana na vipimo: nyambizi haikuwa ikirusha topedo kutoka mbali nje ya msafara. Ilikuwa ikiingia katikati ya meli kutokea nyuma, usiku, ikiwa juu ya maji. Wakabuni mbinu ya kuikabili, na Jean Laidlaw, mmoja wa wale vijana, akaipa jina la Raspberry. Mbinu ikapelekwa baharini, ripoti zikarudi, wakairekebisha. Kufikia mwisho wa vita maafisa wapatao 5,000 walikuwa wamepita kwenye kile chumba.

Chaki na mapazia. Linganisha na dola milioni 250. Mchezo mdogo unaweza kurudiwa, na kurudia ndiko kunakokuonyesha kama matokeo yametokana na hali yenyewe au na kichwa cha mchezaji mmoja. CSIS, taasisi ya utafiti wa siasa na usalama ya Washington, ilipochapisha Januari 2023 uchunguzi wake juu ya uvamizi wa Taiwan, ilikuwa imeucheza mchezo uleule mara 24 huku ikibadili mawazo ya msingi. Ukipewa bajeti ya tukio moja kubwa, omba uigawe iwe matukio madogo sita.

Hatua ya tatu: mtafute mpinzani mwenye njaa ya kushinda

Mkuu wa upande mwekundu ndiye uteuzi wako muhimu kuliko wote. Usimchukue afisa ambaye ripoti yake ya utendaji inaandikwa na kamanda wa upande wa bluu, yaani upande wetu. Kwa mfano wetu ningetafuta ofisa wa forodha aliyestaafu, nahodha wa jahazi anayejua misimu ya kaskazi na kusi, na mtu mmoja wa upelelezi wa dawa za kulevya. Hawa watakuambia mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha jeshi: kwamba msimu wa kusi mchafuko wa bahari hubana safari za majahazi, na kwamba mzigo hushushwa kwenye mashua ndogo mbali na bandari.

Wape lengo lao wenyewe. “Vuruga mpango wa bluu” si lengo. “Fikisha mizigo mitatu kati ya mitano pwani kabla ya mwezi kwisha” ni lengo, na litawafanya wafikiri kama wafanyabiashara, si kama askari waliovaa nguo za adui.

Kisha andika mipaka ya wekundu kabla ya siku ya kwanza, na sababu ya kila mpaka. Mpaka unaowekwa katikati ya mchezo lazima uingie kwenye ripoti pamoja na saa ulipowekwa na jina la aliyeuagiza. Ukiwaambia wote mapema kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa, utashangaa jinsi amri za ghafla zinavyopungua.

Hatua ya nne: waamuzi na kete zao

Luteni wa Prussia (dola ya Kijerumani ya zamani) Georg von Reisswitz alipochapisha kanuni zake mwaka 1824, alikuwa na ramani ya kipimo cha 1 kwa 8,000, kila zamu ikiwakilisha dakika mbili, na kete pamoja na majedwali ya kuamua hasara. Kanuni zilikuwa makini, na zilichosha. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois aliyatupa majedwali hayo na kumwachia mwamuzi mzoefu aamue. Mpaka leo kila mchezo unakaa mahali fulani kati ya hawa wawili.

Ushauri wangu: yale yanayopimika yawekewe jedwali na kete, kama uwezekano wa rada kuliona jahazi la mbao kwenye mawimbi ya urefu fulani. Yale ya kibinadamu yaamuliwe na waamuzi watatu, wakitamka sababu zao kwa sauti na mwandishi akiziandika. Mwamuzi mmoja peke yake ni hatari, hata awe bingwa.

Mfano unaotajwa kila mara ni wa Midway, kisiwa cha Pasifiki kilichokuwa mikononi mwa Wamarekani. Mei 1942, ndani ya manowari Yamato, Wajapani waliucheza mpango wao. Kete ziliamua kwamba mabomu ya ndege za Marekani zilizoruka kutoka kisiwani yamezipiga manowari zao za kubebea ndege mara tisa, na mbili, Akagi na Kaga, zimezama. Admirali Ugaki, aliyekuwa akiuongoza mchezo, akapunguza mapigo hadi matatu na kuirudisha Akagi. Kaga nayo ikafufuliwa baadaye. Tarehe 4 Juni, kwenye vita vyenyewe, Japani ilipoteza manowari zake zote nne za kubebea ndege zilizokuwa pale.

Wengi huishia hapo wakimcheka Ugaki. Lakini mabomu ya ndege za Marekani za B-17 yaliyorushwa kutoka juu sana pale Midway hayakuipiga hata manowari moja, kwa hiyo kupunguza yale mapigo tisa hakukuwa upuuzi. Kosa liko kwingine. Mchezo ulikuwa umeinua swali: meli zetu zikipigwa wakati ndege zetu zimekwenda kushambulia kisiwa, tutafanya nini? Hakuna aliyelibeba kwenda nalo kwa wapangaji na kurudi na jibu. Mchambuzi anapaswa kukaa karibu na meza ya waamuzi kwa sababu hiyo hasa. Nambari inaweza kurekebishwa, ila swali lililoibuka liandikwe, lipewe mtu wa kulijibu, na lipangiwe tarehe.

Hatua ya tano: jaribio, pale hesabu inapouma

Turudi kwenye droni. Kabla ya kupanga chochote, jipime kwa maswali manne. Droni zitafanya kazi kweli, na wahudumu wanajua kuzitumia? Badiliko likitokea, tutaweza kuliona? Tukiliona, tutajua limeletwa na droni na si kitu kingine? Na yanayotokea hapa yanafanana na bahari ya kweli?

Swali la pili ndilo linaloua majaribio mengi. Tuseme doria bila droni inagundua majahazi 5 kati ya 10, na ikiwa na droni inagundua 7 kati ya 10. Bosi atafurahi. Wewe tulia, kwa sababu tofauti ya namna hiyo inaweza kuletwa na bahati tupu. Ikiwa kweli droni zinapandisha ugunduzi kutoka asilimia 50 hadi 70, na unataka nafasi ya asilimia 80 ya kulibaini badiliko hilo kwa vigezo vya kawaida vya takwimu, utahitaji safari zipatazo 90 kwa kila upande. Hakuna kamandi itakayokupa mafuta ya safari 180.

Zipo njia za kutokea. Ya kwanza ni kuacha kipimo cha ndiyo-au-hapana. Pima dakika zilizopita mpaka jahazi likaonwa, au umbali lilipoonwa; vipimo vya namna hii hubeba habari nyingi zaidi kwa kila safari. Ya pili ni kulinganisha wahudumu na nafsi zao: kikosi kilekile kifanye doria ikiwa na droni na ikiwa haina, nusu wakianza hivi na nusu wakianza vile, maana wakianza wote bila droni, siku ya pili watakuwa wameshayazoea maji. Ya tatu ni kuendesha mamia ya safari kwenye kompyuta, kisha kwenda baharini na chache tu ili kuona kama kompyuta inasema kweli.

Kuhusu swali la tatu, zuia mikono ya watu. Atakuja mtu kusema kwa kuwa tunaleta droni, tulete na rada mpya. Ukibadili majani ya chai na kiasi cha sukari siku moja, hutajua ni kipi kilichobadili ladha.

La nne halina dawa kamili. Jahazi la majaribio lina nahodha anayelipwa na serikali, naye hatakimbia kama mtu mwenye tani moja ya heroini chini ya magunia. Kwa hiyo jaribio linatanguliwa na mchezo wa vita: wekundu wanakuonyesha namna tatu au nne za kujificha, nawe unamwambia nahodha wako azifanye.

Hatua ya sita: mpango wa kumbukumbu

Chora jedwali. Safu ya kwanza swali, ya pili maswali madogo, ya tatu taarifa itakayojibu kila dogo, ya nne nani ataichukua, saa ngapi, kwa fomu gani. Taarifa isiyo na swali ifute. Swali lisilo na mchukuaji taarifa halitajibiwa, hata mkiahidiana.

Kila chumba kiwe na mwandishi wake, na mwandishi huyo asicheze. Mfundishe kuandika sababu kabla ya uamuzi. “Bluu walituma boti kaskazini” haina faida kubwa. “Bluu walituma boti kaskazini kwa kuwa waliamini mwekundu hana mashua za kupakulia kusini, na meja mmoja alipinga” ndiyo dhahabu yenyewe. Dodoso liwe fupi, lijazwe mwishoni mwa kila zamu, kabla watu hawajaenda kunywa chai na kukubaliana hadithi moja.

Hatua ya saba: uchezeni kabla ya kuucheza

Mara ya kwanza cheza na wenzako wa ofisini, kwa karatasi za manila na vifuniko vya soda. Mara ya pili leta watu watatu wasioujua mchezo. Mara ya tatu endesha siku nzima kwa saa zilezile, vyumba vilevile, na printa ileile itakayokwama. Kwa mchezo wa siku tatu wenye vyumba vinne, nenda kwa mdhamini, yaani aliyeuagiza mchezo, ukiwa na ratiba ya miezi sita na usikubali chini ya minne. Muda mwingi utaliwa na vibali, mialiko na kutafuta wachezaji wenye cheo kinachofaa, ambao huwa hawaji wenyewe ila hutuma wasaidizi.

Siku yenyewe ikifika, kazi yako imekwisha kwa kiasi kikubwa. Zunguka, sikiliza, usitoe ushauri. Jenerali akija kutazama, mkalishe kwenye chumba chake chenye skrini. Akikaa karibu na bluu, kila luteni ataanza kucheza kwa ajili yake.

Hatua ya nane: ripoti

Toa kurasa mbili ndani ya wiki moja, ripoti kamili baadaye. Usiandike kwamba mchezo “umethibitisha” jambo. Mchezo unaonyesha kinachowezekana na sababu zake. Jaribio linakupa kiasi, pamoja na upana wa shaka yake. Tenganisha kwa vichwa vya habari kile kilichotokea, tafsiri yako, na ulichopendekeza, ili msomaji asiyekubali la tatu aweze bado kulitumia la kwanza.

Weka orodha ya mipaka ya wekundu na mawazo ya msingi kwenye ukurasa wa pili. Usiisukumie kwenye viambatisho. Mdhamini akikuomba uondoe matokeo yasiyompendeza, mpe nafasi ya kuandika maoni yake yachapishwe pembeni, ila maandishi yako yabaki. Hapa ndipo uandamizi unapoonekana, kwani kijana wa mwaka wa kwanza hana ubavu wa kusema hivyo.

Namna ya kuingia kwenye kazi hii

Watu hufika kupitia njia nyingi: hisabati, takwimu, uchambuzi wa operesheni, historia, au miaka ya utumishi wa kijeshi. Marekani kazi nyingi za aina hii zinadai kibali cha usalama, na kibali hicho kwa kawaida hutaka uraia. Mwenye green card atafute taasisi zinazoendesha michezo ya wazi na kuchapisha matokeo. Uingereza waajiri wakuu ni wizara ya ulinzi na maabara yake ya sayansi na teknolojia, Dstl. Kwetu, vyuo vya taifa vya ulinzi vya Karen (Kenya) na Kunduchi (Tanzania) hupokea pia watumishi waandamizi wa kiraia, na huko ndiko utakakokutana na makanali watakaokualika kwenye mazoezi ya mezani.

Cheti kinasaidia, lakini anayeajiri atataka kuona kazi ya mkono wako. Chagua tukio la kweli lenye kumbukumbu za wazi, kama utekaji wa meli nje ya Somalia kabla ya 2012, lijengee mchezo wa saa tatu wa watu sita, uucheze mara nne ukibadili kitu kimoja kila mara, kisha upeleke kanuni, fomu za waandishi na ile ripoti ya kurasa mbili.